Umri wa ngisi wa Kwale, unasomwa Kampala: shajara ya mradi

18 Januari 2024: swali na pa kuanzia

Ngisi hana magamba ya kumsomea umri. Alicho nacho ni vijiwe viwili vidogo, kila kimoja milimita 1 hadi 2, vilivyokaa ndani ya gegedu la kichwa, nyuma ya macho. Kwa vijiwe hivyo hujua juu na chini anapoogelea gizani. Kila siku kijiwe huongeza tabaka jembamba la kalsiamu kaboneti, na ukikisaga mpaka kipitishe mwanga, tabaka hizo huonekana kama pete. Zihesabu, urudi nyuma kutoka tarehe aliyovuliwa, nawe umeipata siku aliyototolewa. Mtafiti George Jackson wa Australia alilionyesha hili mwaka 1990 kwa ngisi wa miambani, Sepioteuthis lessoniana, yuleyule anayevuliwa pwani yetu: aliwapa dawa ya tetrasaiklini, ambayo huacha mstari unaong'aa chini ya mwanga wa urujuanimno, kisha akahesabu pete zilizoota baada ya mstari ule.

Swali langu limetoka kijiji kimoja cha Kwale, kusini ya Mombasa. Wanakijiji wamesikia habari za kufunga kwa muda maeneo ya kuvulia pweza, kazi iliyoanza Andavadoaka, Madagascar, mwaka 2004 na kuenea hadi Pemba na kwingineko. Wanataka kujua kama ngisi naye anaweza kufungiwa eneo. Jibu la haraka ni hapana, kwa sababu pweza hukaa pangoni akanenepa, ngisi huogelea akaenda zake. Ngisi huyu haishi hata mwaka mmoja, na akishamaliza kutaga hufa. Kinachobaki mahali pamoja ni mayai: vifuko vyeupe kama vidole, vimefungwa kwenye nyasi bahari, kwenye matawi ya matumbawe, hata kwenye kamba za madema, ile mitego ya samaki. Hukaa pale takriban wiki 3 kabla ya kutotolewa, na katika wiki hizo juya moja, yaani wavu wa kukokota, likipita juu ya nyasi linaondoa kizazi kizima. Juya limepigwa marufuku Kenya na Tanzania, lakini kila anayeijua pwani anajua kwamba bado linavutwa. Basi kijiji kinahitaji kujua ni wiki zipi za mwaka nyasi zilindwe kuliko zote, na wiki hizo zimeandikwa kwenye vijiwe.

Mimi nafanya kazi Kampala. Hadubini iko hapa, ninaitumia jioni maabara ikishafungwa kwa wanafunzi, na Uganda ina mafundi wazuri wa kusoma mawe ya masikio ya samaki wa ziwani, maana samaki wenye mifupa nao wana mawe ya aina hiyo. Sioni sababu ya kusubiri niwe na maabara ufukweni. Naandika hatua kwa hatua ili mwenzangu wa Jinja, Bukoba au Kisumu anayetaka kufanya hivi aanze nilipofika.

9 Februari 2024: fomalini haifai

Nilianza na vichwa vya ngisi vilivyokuwa vimehifadhiwa kwenye chupa za kufundishia, miaka kadhaa ndani ya fomalini. Havikugharimu chochote, vilikuwa karibu, na nilitaka kuuzoeza mkono. Kufungua ni rahisi ukishaona mara moja: laza kichwa tumbo likiwa juu, kata ule mrija anaopulizia maji, kwangua nyama mpaka uone gegedu linalong'aa, kisha likate kwa wembe mpya sambamba na meza, kidogokidogo. Kwa ngisi mbichi vijiwe huonekana kama nukta mbili nyeupe kabla hata hujafika.

Kwenye vichwa vile hapakuwa na nukta. Ndani ya vyumba vya gegedu nilikuta uji wa chaki, na kwingine hakuna kitu kabisa. Sababu ni ya kikemia na haina dawa: fomalini isiyotiwa kitu cha kupunguza ukali hugeuka asidi jinsi inavyokaa, na asidi inakula kalsiamu kaboneti. Umbo la nje la mnyama linabaki zuri la kuonyesha darasani huku kumbukumbu ya maisha yake imeyeyuka.

Kwa hiyo chupa za zamani, hata zikiwa na tarehe na mahali palipoandikwa vizuri, usizitegemee kwa umri. Tumia ethanoli ya asilimia 70 au zaidi. Kampala lita moja nimeinunua kwa shilingi 22,000 za Uganda.

2 Machi 2024: barafu, Malaba, na harufu

Vichwa vibichi vimepatikana kwa mama karanga. Hao ndio kina mama wa pwani wanaonunua samaki ufukweni na kuwakaanga kuuza. Bila wao mradi huu usingekuwepo. Mvuvi humuuza ngisi mzima, lakini mama karanga humkata mwenyewe. Tulikubaliana ampime kwa futi ya fundi cherehani, kutoka ncha ya nyuma ya kiwiliwili hadi ukingo wake wa mbele, aandike tarehe, kisha anihifadhie kichwa. Namlipa shilingi 20 za Kenya kwa kila kichwa kilichoandikwa vizuri. Kichwa kisicho na tarehe hatukinunui, na hili alilisisitiza yeye kabla yangu: "Mwanangu, ukilipa vyote sawa, wataniletea vya juzi."

Mzigo wa kwanza ulisafiri kwa barafu ndani ya boksi la thamokoli, kwa basi la Mombasa hadi Kampala. Safari yenyewe ni ya mchana na usiku. Mpakani Malaba mizigo ilishushwa, ikakaguliwa, ikangoja, na barafu haikungoja. Boksi lilifika likitiririka maji meusi ya wino, na utingo alinikabidhi huku ameziba pua. Kijana wa bodaboda alikataa kunibeba nalo mpaka nilipoongeza nauli.

Ila vijiwe vilikuwa salama. Nyama ilikuwa imelegea hata wembe haukuhitajika sana, gegedu lilifunguka lenyewe, na nukta mbili zilikuwa pale, ngumu na nyeupe. Uozo unaiharibu nyama, jiwe unaliacha. Mwenye vichwa vilivyooza asivitupe. Avae glavu, afungue dirisha, aendelee.

Nilijaribu pia ethanoli ndani ya chupa. Kampuni za mabasi hazipendi kubeba kitu kinachoshika moto, na zina haki. Nililoweka vichwa pwani siku mbili, nikamwaga ethanoli, nikavifunga kwenye kitambaa chenye unyevu ndani ya mifuko miwili. Hiyo ilikubaliwa na ilifika vizuri. Bado uzito ulikuwa mkubwa, na kila kifurushi kilinigharimu kati ya shilingi 40,000 na 50,000 za Uganda.

Kuhusu vibali: utafiti Kenya unahitaji kibali cha utafiti, na kuvusha sampuli mpaka kunahitaji karatasi zake. Zianze mapema kuliko kitu kingine chochote. Ngisi hawamo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, lakini matumbawe magumu yote yamo, Kiambatisho cha Pili. Ukitumiwa kifuko cha mayai kikiwa kimeng'ang'ania tawi la tumbawe, umeshavuka kwenye sheria nyingine. Nimewaambia wa Kwale waziwazi: mayai tupige picha, tusiyatoe.

27 Aprili 2024: kichwa hakisemi ni cha nani

Mvua za masika zimekuwa kubwa mno mwaka huu, barabara zimekatika, na kwa wiki kadhaa hakuna kilichosafiri. Nimetumia muda huo kupanga nilivyonavyo, na hapo shida ikajitokeza.

Vichwa vilichanganyika. Ngisi wa miambani ana pezi linalozunguka karibu kiwiliwili chote, kutoka shingoni hadi ncha. Ngisi wa Kihindi, Uroteuthis duvaucelii, ana mapezi ya nyuma tu, yakikaa kama umbo la almasi. Tofauti hiyo iko mwilini, na mwili umeshakaangwa. Kwenye kundi moja nilikuta pia vichwa vya dome, jamaa wa ngisi. Dome ana vijiwe, ila pete zake kwa kawaida hazisomeki. Nilisaga kadhaa ili nijionee mwenyewe, nikaona ukungu mtupu.

Tiba ni picha ya simu kabla ya kisu. Mama karanga anamlaza ngisi mzima juu ya sinia, anaweka kikaratasi chenye namba, binti yake anapiga picha, ndipo wanakata. Namba hiyohiyo inaingia na kichwa mfukoni, imeandikwa kwa penseli. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye ethanoli. Vichwa vyote vya nyuma visivyo na picha nimevitenga. Vinauma, kwa kuwa vililipiwa na kubebwa, lakini mnyama usiyemjua huwezi kumpa tarehe ya kuzaliwa ukaiweka kwenye jedwali la mwingine.

Katika simu za siku hizo mama karanga aliniambia kwamba matumbawe ya ndani ya mwamba yamepauka, na wapiga mbizi wa pweza wanayaona meupe kila mahali. Tarehe 15 Aprili wanasayansi wa NOAA, idara ya bahari na anga ya Marekani, na jumuiya ya kimataifa ya miamba, ICRI, walitangaza kwamba dunia iko katika tukio la nne la kupauka kwa matumbawe. Bahari yetu iliumia vibaya mwaka 1998, ikaumia tena 2016. Kwa ngisi naona jambo hili hivi: tawi lililokufa linaweza kubeba mayai kwa muda, lakini huliwa na vitoboa-mawe, huvunjika, na mahali pa kutagia pale juu hupungua. Uzito wote unaiangukia nyasi bahari. Na nyasi ndiko juya linakopita.

15 Juni 2024: gundi

Hatua hii imekula muda kuliko zote, kwa hiyo naieleza kwa kirefu.

Kijiwe lazima kishikwe kwenye slaidi, kisagwe upande mmoja, kigeuzwe, kisagwe upande wa pili. Kwa hiyo gundi iwe ngumu inapopoa, ipitishe mwanga, na ilegee tena unapotaka kugeuza. Maabara kubwa hutumia gundi maalumu inayoyeyuka kwa joto. Kuiagiza mpaka Kampala, pamoja na usafirishaji, nilitajiwa bei iliyopita shilingi 250,000 kwa fimbo chache.

Rangi ya kucha isiyo na rangi, shilingi 3,000 soko la Kikuubo: inapitisha mwanga vizuri, lakini juu hukauka na ndani hubaki laini hata baada ya usiku mzima. Ukianza kusaga, kijiwe kinazama ndani ya gundi badala ya kusagika. Nyembamba sana haishiki, nene haikauki.

Supaglu: inashika kwa nguvu, na hapo ndipo penye tatizo, kwa sababu haigeuziki. Halafu huacha mvuke mweupe juu ya kioo, na ule weupe ukikaa juu ya kijiwe hakuna pete utakayoiona.

Gundi ya fimbo ya kuyeyusha, ile ya mafundi wa viatu na mapambo: inageuzika, lakini ni ya ukungu, na msasa unaikokota kama ulimbo. Nilipoteza vijiwe vizuri humo.

Jibu limetoka kwa mafundi simu. Katwe, mtaa wa mafundi hapa Kampala, na mjini kati wanauza flaksi ngumu ya kulehemu, ile ya rangi ya asali, utomvu wa msonobari uliokaushwa, kikopo shilingi 5,000. Inayeyuka kwa joto dogo, inapoa ngumu, inapitisha mwanga, na inasafishika kwa ethanoli. Peke yake inavunjika: nilipoanza kusaga, kipande kizima kilibanduka kutoka kwenye slaidi kijiwe kikiwa ndani. Nikachanganya nta ya nyuki, kipande kidogo sana, kama sehemu moja kwa kumi za flaksi. Nta ikizidi hapo, gundi inakuwa na ukungu.

Utaratibu uliosimama ni huu. Weka slaidi juu ya bati lililo juu ya jiko dogo la umeme, moto wa chini kabisa. Dondosha punje ya mchanganyiko, iache itandae, ichungulie mpaka mapovu yote yapasuke. Ukiharakisha, mapovu hunaswa chini ya kijiwe na yakionekana kwenye hadubini yanafanana na kiini, pale katikati zinapoanzia pete. Shusha kijiwe kwa ncha ya brashi ya rangi iliyolowa, usitumie kibano. Kibano cha chuma kimevunja vijiwe vingi kuliko msasa, na kingine kilirushwa kikaenda tusikojua. Kazi yote ya kuhamisha sasa tunaifanya juu ya kitambaa cheusi.

Umeme ukikatika katikati ya kuyeyusha, mchanganyiko huganda kijiwe kikiwa kimelala upande. Usikilazimishe. Ngoja umeme urudi au tumia moto wa mshumaa chini ya bati, mbali ya kutosha usiweke masizi.

20 Julai 2024: mikwaruzo inayojifanya pete

Msasa wa maji nanunua kwa wapaka rangi magari: namba 800 kuondoa mwili, 1200, kisha 2000. Karatasi moja shilingi 2,000, na inakatwa vipande vingi. Saga kwa kidole, kwa maji, mizunguko michache, kisha tazama. Tena mizunguko michache, tazama. Kati ya "bado" na "kimeisha" hakuna nafasi kubwa: pete za katikati, yaani siku za kwanza za maisha, hupotea mara ukipitiliza, na umri wote unaharibika kwa kuwa hujui umepoteza ngapi.

Hatari halisi haikuwa kupitiliza. Ili kung'arisha nilijaribu dawa ya meno juu ya kitambaa, kama wanavyofanya watu kwa vioo vya simu. Kijiwe kilitoka kinang'aa na pete zilionekana nyingi, safi, zimepangana. Msaidizi wangu, binti wa Bombo anayesomea ufundi wa maabara, ndiye aliyetilia shaka. Alizungusha slaidi nusu ya robo akaniambia, "Mwalimu, pete za jiwe zinafuata umbo la jiwe. Hizi zinafuata mkono wako." Ilikuwa kweli. Chembe za dawa ya meno zilikuwa zimechora mistari sambamba, myembamba kama pete zenyewe, na sehemu ya hesabu za wiki ile zilikuwa hesabu za mikwaruzo. Zote zimefutwa.

Tiba mbili. Ya kwanza: kila unapobadilisha namba ya msasa, badilisha mwelekeo wa kusaga uwe mkato wa ule wa mwanzo, ili mkwaruzo uliobaki uvuke pete na ujulikane. Ya pili: unga wa oksidi ya alumini. Mafundi wa kukata vioo vya miwani wanautumia kila siku, na mmoja mjini aliniuzia kikopo cha kahawa kilichojaa nusu kwa shilingi 15,000. Tandika kitambaa cha kusafishia miwani juu ya kioo, nyunyiza maji na unga, zungusha dakika moja au mbili. Ukiona bado kuna mikwaruzo usiendelee kung'arisha, rudi kwenye 2000.

31 Agosti 2024: kuhesabu

Tunahesabu kwa ukuzaji wa mara 400, kutoka kiini hadi ukingo wa upande ule ulio mrefu zaidi. Simu inashikwa juu ya lenzi kwa kishikio cha bati kilichotengenezwa na fundi wa Katwe kwa shilingi 30,000. Nilimpelekea mchoro, akautupa kando, akapima mwenyewe lenzi na simu, na chake ni bora. Picha ni za lazima, si anasa. Umeme ukizima katikati ya hesabu ya pete mia na kitu, huwezi kurudi ulipoishia. Kwenye picha unaweka nukta kila baada ya pete kumi.

Ili pete zionekane vizuri watu hudondosha mafuta juu ya kijiwe. Nilijaribu mafuta ya kula. Mwanzo yalikuwa mazuri ajabu, mikwaruzo midogo ikapotea. Asubuhi yake flaksi ilikuwa imelainika, kijiwe kimeteleza hadi ukingo wa slaidi na kimoja kimeanguka. Mafuta yanayeyusha utomvu. Sasa tunadondosha tone jembamba la mchanganyiko uleule wa flaksi na nta, tunafunika kwa kioo chembamba, na slaidi inakuwa ya kudumu. Mtu mwingine anaweza kuihesabu upya mwaka kesho.

Wasomaji ni wawili, hakuna anayeambiwa urefu wa ngisi wala hesabu ya mwenzake. Tofauti ikizidi asilimia 10 tunahesabu tena, ikibaki hivyo kijiwe kinaachwa. Mwanzoni tuliacha vingi mno. Msaidizi alikuwa akihesabu na vipete hafifu vilivyo kati ya pete kubwa, mimi navipita. Hatukuwa na mwalimu wa kutuamulia, kwa hiyo tulirudi ziwani.

Tulikwenda mwalo wa Ggaba, tukanunua ngege (sato) wachanga na mukene, yaani dagaa wa ziwani, kwa bei ya mboga ya siku moja. Mawe ya masikio ya samaki wachanga nayo yana pete za kila siku, jambo lililoonyeshwa na Giorgio Pannella mwaka 1971, na ni makubwa kiasi cha kusagika bila hofu. Tulisaga, tukahesabu, tukabishana, mpaka jicho likajua kutofautisha pete ya siku na kivuli chake: ukishusha na kupandisha lenzi kidogo, pete ya kweli hubaki ikizunguka umbo zima, hafifu hukatika njiani. Mvuvi mmoja wa pale, mzaliwa wa Mwanza, alitaka kujua tunachotafuta kwenye vichwa. Nilipomweleza kwamba ngisi huvuliwa kwa taa usiku wa giza alicheka kwa furaha: "Kumbe na huko wanasubiri mwezi uzame!" Tukakaa tukizungumza giza na taa mpaka mukene wetu wakaanza kukauka juani.

Baada ya wiki za ziwani, vijiwe vinavyoachwa vimepungua sana. Namshauri yeyote wa bara aanze na samaki wa ziwani kabla ya kugusa kijiwe kimoja cha ngisi.

30 Novemba 2024: kijiwe kisafiri peke yake

Badiliko kubwa la mwaka ni hili, na lingeweza kuokoa gharama zote za Machi. Binti wa mama karanga, aliyemaliza sekondari, amejifunza kutoa vijiwe mwenyewe kule Kwale. Nilimwonyesha kwa simu ya video, yeye kwake na mimi kwangu, kila mtu na kichwa chake. Vilivyovunjika vilikuwa vingi siku ya kwanza, siku zilizofuata vichache. Anavisuuza kwa maji safi, anavianika kivulini, anaviingiza jozi jozi kwenye kipande cha mrija wa soda, anachoma ncha mbili kwa kiberiti zikaziba, na namba inaandikwa juu. Mirija inaingia kwenye bahasha. Bahasha hainuki, haiozi Malaba, na msimu mzima wa ngisi unapita mpakani ukiwa na uzito wa barua. Karatasi za kibali zinahitajika vilevile.

Malipo yake sasa ni shilingi 50 za Kenya kwa jozi nzima isiyovunjika, na kichwa kinabaki chao wakikaange.

Matumizi ya mwaka, nikiacha safari zangu na hadubini ambayo ni ya kuazima, yamekaribia shilingi 700,000 za Uganda. Zaidi ya nusu ilikuwa kusafirisha vichwa na barafu. Anayeanza na mirija, flaksi na unga wa fundi miwani hatafika 300,000.

8 Februari 2025: tarehe za kwanza

Ngisi wa miambani waliovuliwa msimu wa kaskazi wa mwaka jana, pepo za Desemba hadi Machi, wamesomwa, wale wenye picha na tarehe. Wengi wana umri wa kati ya miezi mitatu na mitano. Ngisi ambaye mvuvi anamwita mkubwa, wa kupelekwa hotelini, mara nyingi hakuwepo duniani wakati wa kusi kali, upepo wa kusini wa katikati ya mwaka. Hili liliwashangaza Kwale kuliko lolote. Mzee mmoja wa kamati ya ufuo aliuliza kwenye simu: "Yaani huyu ninayemvuta leo, sikukuu iliyopita alikuwa yai?" Naam, mzee, alikuwa yai, au hata yai hakuwa.

Ukirudisha tarehe, wengi wametotolewa demani, kusi inapotulia kabla ya kaskazi, na mwanzo wa vuli. Ukitoa wiki 3 nyingine, unafika kwenye wiki za kutaga. Kamati ilitaka kuziandika wiki hizo mara moja kwenye sheria ndogo za ufuo. Nimewaomba wasubiri, na sababu yenyewe naiweka hapa kwa sababu ni mtego ambao atakayeiga mradi huu ataukuta.

Tulinunua ngisi wa kaskazi tu, wakati bahari imetulia na mitumbwi inatoka. Mnyama wa miezi minne aliyevuliwa Januari lazima awe wa Septemba; hesabu haiwezi kutoa kingine. Wale waliototolewa Machi na Aprili hawakuwemo kwenye sinia letu, kwa sababu wangekuwa wakubwa wakati wa kusi, ambapo hatukununua kitu. Kwa hiyo vijiwe vinatuambia kwamba demani mayai hutagwa, na hapo nina hakika. Havijatuambia kwamba miezi mingine hayatagwi. Kijiji kikifunga nyasi demani peke yake na kumwachia mwenye juya miezi mingine, tunaweza kuwa tumelinda nusu na kuikabidhi nusu nyingine kwa karatasi yenye mhuri.

Walichoamua wenyewe ni kizuri kuliko nilichopendekeza. Sehemu moja ya nyasi, ile iliyo karibu na mlango wa mwamba ambako vifuko vya mayai vimepigwa picha mara nyingi, haitapitishwa wavu wa kukokota mwezi wowote. Sehemu nyingine zitasubiri tarehe za kusi.

Tatizo la kusi ni kwamba mitumbwi midogo haivuki mwamba. Wenye madema wanaotega ndani, kwenye maji mafupi, hupata ngisi mmoja mmoja wanaokuja kutaga kwenye kamba na fito. Hao watanunuliwa wote, kwa shilingi 80 za Kenya kwa jozi, kuanzia bamvua la kwanza la Mei, maji yanapojaa na kupwa sana. Binti ameshakata mirija. Huku Kampala tunasaga vijiwe vya kaskazi ya mwaka huu ili tuone kama demani ya pili inafanana na ya kwanza, na unga wa oksidi ya alumini unakaribia kwisha, kwa hiyo Jumatatu narudi kwa fundi miwani.